Baba Mkwe na Njia ya Mkononi

Nipeni mikono yenu kwanza. Wewe unayesoma, usiangalie pembeni, nakuambia wewe. Geuza kiganja juu, kisha weka vidole vitatu vya mkono wa pili chini ya kidole gumba, pale mfupa wa mkono unapoishia. Usibonyeze kama unachagua parachichi sokoni. Gusa tu, tulia. Umesikia mshipa unavyodunda? Hapo hapo ndipo tulipokuwa tukiingilia kwenda moyoni. Mimi Minza, binti wa Zagayu, nimefanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na hata sasa nikimpa mtu mkono vidole vyangu vinateleza vyenyewe kutafuta mshipa. Hapa Bariadi majirani wananicheka, wanasema Sista Minza hasalimii, anapima.

Mlipokuja kunitembelea, nyie wa chuo cha uuguzi, mliniuliza kazi ya chumba cha moyo ilikuwaje, nikawajibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na maharage jikoni. Nimejilaumu tangu mlipoondoka. Kazi ile haielezwi kwa mkato. Nikianza kuikumbuka nasimama, natembea, naongea na mikono, na mume wangu Limbu anahamia nje na redio yake.

Sikilizeni basi. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe nao una mishipa yake midogo inayoulisha. Mmoja ukiziba, kifua kinabana, jasho linatoka, na mtu anaweza kwenda hivi hivi mnamwangalia. Katika chumba chetu kule Dar tulikuwa tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, unapanda taratibu mpaka moyoni, daktari akiufuata kwenye skrini ya eksirei. Akifika palipoziba anapanua na kuacha kijiwavu cha chuma, stenti, ili damu ipite. Mgonjwa yuko macho, mnaongea naye. Mara ya kwanza kuona mshipa uliozibwa ukifunguka pale kwenye skrini, damu ikakimbia mpaka kwenye vitawi vya mwisho, nililia ndani ya barakoa.

Sasa swali ni moja tu, uingilie wapi? Kuna kinena, pale paja linapoungana na tumbo, ambako mshipa ni mnene, hata daktari mwenye haraka anaupata. Na kuna mkono, huu ulioushika sasa hivi, mwembamba kama mrija wa soda. Mtu wa nje atasema hilo ni jambo la madaktari, sisi linatuhusu nini. Subirini mtaona linawahusu akina nani.

Nilipoanza, mlango ulikuwa mmoja, kinena. Aliyenifundisha ni Mama Tabu, muuguzi mkubwa mwenyeji wa Tanga, mwanamke wa viganja vipana na maneno makali. Kazi ikiisha, mrija ukishatolewa, lazima mtu aubonyeze ule mshipa kwa mkono mpaka damu igande. Siku yangu ya kwanza niliweka vidole juu ya tundu lenyewe, damu ikawa inapita pembeni. Mama Tabu alinipiga kikumbo cha kiuno akaweka mkono wake.

"Sindano iliingia imelala," akasema. "Tundu la ngozi liko hapa, la mshipa liko juu yake. Bonyeza juu. Nyoosha viwiko, tumia uzito wako, hiyo mikono yako ya kuchambua pamba itachoka."

"Nitajuaje kama imeacha?"

"Utajua ukimaliza muda wake. Usichungulie. Ukichungulia, nayo inakuchungulia."

Maneno hayo yaandikeni mahali. Nimewaona wengi wanachungulia kila dakika, wanainua vidole waone, damu inafumka, wanaanza upya. Mama Tabu alikuwa anaimba pambio taratibu, na pambio likiisha na damu imekoma.

Baada ya hapo mgonjwa alikuwa analala chali, mguu umenyooka, saa nyingi. Haja ndogo kitandani, haja kubwa kitandani. Tulikuwa na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu wa suti, alikataa kunywa maji kutwa nzima ili asije akaomba chombo cha kujisaidia. Tukamwambia figo zinahitaji maji zioshe ile dawa ya kuonyesha mishipa. Akasema afadhali figo kuliko aibu. Nilimcheka wakati ule. Sikujua kwamba nami zamu yangu ya aibu inakuja.

Na damu ya kinena ina ujanja. Ikitoka nje utaiona, lakini sindano ikichomwa juu mno inaweza kuvujia ndani, nyuma ya tumbo, shuka ni jeupe na mtu anakwisha. Mgonjwa mmoja alilalamika mgongo unamuuma, mwanafunzi akamletea mto wa pili. Daktari Elisante, ambaye nitawaambia habari zake sasa hivi, alikuwa anapita tu kwenda kula. Akamtazama usoni, akamgusa tumbo, chakula kikasahaulika. Mgonjwa yule alipona, na Daktari akatukusanya wote akatuambia, mtu wa kinena akisema mgongo, msifikirie godoro. Fikirieni damu.

Huyu Daktari Elisante alikuwa mtu wa Moshi, mfupi, mwenye kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Alikwenda kusoma nje, akarudi na habari ya mkono. Jamani, tulivyomcheka. Hamisi, muuguzi mwenzangu, alisema Daktari ametoka kuchinja ng'ombe sasa anataka kuchinja kuku. Na kweli wiki za mwanzo zilikuwa mateso. Mshipa wa mkono ni mwembamba, tena una hasira, ukiuchokoza unajikunja. Kazi ya nusu saa ilikula asubuhi nzima. Daktari anatoka jasho, mgonjwa anaguna, sisi tumevaa aproni za risasi za kukinga mionzi, zinazovunja mgongo tunatazamana.

Halafu siku moja tukamaliza, tukamfunga mama mmoja mkanda wa hewa kwenye kifundo cha mkono, na yule mama akakaa. Akakaa, nawaambia, akashusha miguu, akauliza chai iko wapi. Akanywa chai ameketi kitini, na mkono wa pili anamega mkate. Mimi na Hamisi tulisimama mlangoni kama watu waliokuja kuona gari jipya. Mama Tabu alikuja, akatazama, akasema, "Basi mimi nimekwisha kazi." Lakini alikuwa anatabasamu, na kesho yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza ule mkanda unapunguzwaje hewa.

Unapunguzwa kidogo kidogo, kama mngependa kujua. Vidole vikianza kuwa vya bluu umekaza mno, na lengo si kuua mkono, ni kuziba tundu huku damu ikiendelea kupita chini yake. Na kabla ya yote lazima upime kama kiganja kina mshipa wa pili wa kukilisha, maana Mungu ametupa miwili, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Tunabana kile kipimo cha oksijeni kwenye kidole gumba, tunaukandamiza mshipa tunaotaka kuuingia, tunatazama kama mawimbi yanarudi kwenye skrini. Mkono wa baridi tunaupasha kwa glavu iliyojazwa maji ya uvuguvugu, hiyo nilibuni mimi na Hamisi, haimo kitabuni. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, mkono wake muuachie mashine. Na kuna siku Daktari alianza kuingilia mbele kidogo ya hapo, kwenye kile kibonde cha mgongo wa mkono, chini ya gumba. Bibi mmoja wa kwetu alipoonyeshwa akashangaa, akasema hapo ndipo anapowekea ugoro wake kabla ya kunusa, sasa akitobolewa atanusia wapi. Tulimwahidi atarudishiwa kibonde chake.

Lakini msije mkadharau kinena. Mtu aliyekwishazimia, mapigo ya mkono hayasikiki, unakwenda kinenani mbio. Kazi inayotaka mirija minene, kinena. Kila njia ina mtu wake, na mtu wake ndiye ninayetaka kuwaeleza, kwa sababu mimi niliyajifunza haya yote kwa baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa mfugaji wa kijiji cha Nkololo, huku kwetu. Nasema baba mkwe kwa sababu jina lake silitaji, na mkiendelea mtaona jina hilo lilinifanya nini. Kwa ukoo wa Limbu, mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hampi mkono, hapiti karibu yake akiwa ameketi, na anamsalimia kwa kupiga goti kwa mbali. Yeye naye haingii anakolala mkamwana wake wala hamwangalii sana usoni. Si uadui. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu nilipoolewa, nadhani maneno niliyosemezana na yule mzee yangeenea kwenye kiganja.

Alianza kubanwa kifua akichunga. Akanyamaza nacho, Msukuma gani atasema kifua kinauma wakati ng'ombe wana kiu? Mpaka siku alipokaa chini machungani akashindwa kuinuka. Hospitali ya huku walimpima wakasema hapa si pake, akaletwa Dar kwenye hospitali yetu, Limbu akiwa naye. Vipimo vya damu na karatasi ya mapigo ya moyo vilionyesha moyo unakosa damu. Daktari Elisante akasema tusilale na mtu huyu, aingie chumbani siku hiyo hiyo.

Hamisi alikwenda wodini kumwandaa. Kumwandaa maana yake kumvua na kumnyoa kinena. Nikamsikia mzee kutoka kwenye korido.

"Kunyoa wapi?"

"Hapa, babu. Dakika mbili tu."

"Toa wembe wako."

Hamisi akatoka macho yamemtoka, anasema mzee ameshika shuka kwa mikono miwili na anatazama ukuta. Daktari akaenda, akamweleza kwa upole hatari aliyonayo. Kiswahili cha baba mkwe kilikuwa cha mnadani, cha kutaja bei na kukataa bei, na alikitumia chote kukataa. Daktari akadhani anaogopa kufa. Limbu ndiye aliyekuja kunivuta pembeni.

"Anasema hawezi kuvuliwa nguo kwenye nyumba ambayo wewe ndiye mwenyeji."

"Mwambie nitaondoka. Naenda nyumbani sasa hivi, Hamisi na wenzake watafanya."

Akarudi kwa baba yake, akaja tena. Uso wake sijausahau.

"Anasema ukiondoka atabaki na nani. Nani atamwambia hawa watu wanasema nini? Anasema asipokusikia wewe humo ndani hataingia."

Mnaona? Nikiwepo hawezi kuvuliwa, nisipokuwepo haingii. Na Limbu mwenyewe asingeruhusiwa chumbani. Niliingia stoo ya gozi na dripu nikalia kwa hasira. Niliikasirikia mila, nikamkasirikia mzee, nikamkasirikia na Limbu aliyesimama tu kama mti wa uzio. Zaidi ya yote niliogopa. Akifa kwa sababu yangu, Nkololo nitarudi na uso gani? Na akipona baada ya mkamwana wake kumwona uchi, nitarudi na uso gani?

Nikafuta macho, nikamwendea Daktari, nikamwambia ukweli wote. Alinisikiliza, safari hii hakucheka.

"Kwa hiyo wewe ni lazima uwepo."

"Ndiyo."

"Na suruali ni lazima ibaki."

"Ndiyo, Daktari."

Akatazama vidole vyake. "Wa kuchunguza kwa mkono nimefanya wengi. Wa kuweka stenti kwa mkono, bado wachache. Twende tukaone ana mishipa gani."

Mkono wa kulia ulikuwa mbaya. Kamba ya fahali iliwahi kuuvunja zamani, ukaunganika umepinda, na mdundo wake ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mkono wa kushoto, nakwambieni, uliruka chini ya vidole vya Daktari, na kipimo cha gumba kikakubali vizuri. Daktari akakaa kitandani kwa mzee, mimi nikasimama nyuma ya pazia natafsiri bila kuonekana.

"Mwambie tutaingilia mkono wa kushoto. Suruali yake inabaki. Wewe, Sista, utasimama upande wa kichwa. Lakini mkono ukigoma, mzee, tutalazimika kwenda kinenani. Lazima nikuambie kabla."

Nikatafsiri. Halafu baba mkwe akajibu kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayegawa urithi. Nikamgeuzia Daktari.

"Anasema mkono ukigoma, umrudishe Nkololo."

"Akafie huko?"

Nikauliza. Sikutaka kuuliza, lakini niliuliza.

"Anasema huko wanajua kumvisha."

Daktari akamwekea mzee mkono begani. "Sawa. Umesema, nimesikia." Kwa hiyo tukaingia chumbani na mlango mmoja tu.

Sasa, kwetu kabla sindano haijagusa ngozi, kila mtu anasimama. Muuguzi wa zamu anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, tunakwenda kufanya nini, na kwa njia ipi. Ni kanuni, imezuia watu kutobolewa mshipa usio wao. Zamu ilikuwa yangu. Nimevaa barakoa, kofia, aproni ya risasi, nimeshika karatasi, baba mkwe amelala nami niko nyuma ya kichwa chake. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka.

"Sista Minza," Daktari akasema. "Jina la mgonjwa."

"Mgonjwa ni baba yake Limbu."

"Limbu nani? Soma jina."

"Baba wa nyumba yetu."

Hamisi akaanza kunitolea macho. Daktari ameinua mikono yenye glavu, anasubiri, kanuni ni kanuni. Nikasema tena, "Ni mzee wa Nkololo," na jasho linanitiririka chini ya ile aproni. Na hapo sauti ikatoka mezani, nzito, ya Kiswahili cha mnadani.

"Masanja. Andikeni Masanja. Msimtese mtoto wa watu, mimi ni mkwe wake."

Hapo jina mmelisikia kwa kinywa chake mwenyewe, si changu. Chumba kizima kilicheka, Daktari zaidi ya wote, na mzee naye tumbo likatikisika kidogo. Nikamalizia, "Njia, mkono wa kushoto," kwa sauti ya mtu aliyepona.

Daktari husimama upande wa kulia wa meza, kwa hiyo mkono wa kushoto tuliuvusha juu ya tumbo la mzee tukauegemeza kwenye mto. Sindano ikaingia mara moja, damu ikaruka, waya ukapanda, mrija mfupi ukakaa. Dawa ya kulegeza mshipa inaunguza ikiingia, nikamwambia baba itaunguza, akasema imeunguza, basi. Picha zikaonyesha mshipa mkubwa wa mbele umebaki uzi. Daktari akabadilisha mrija, akaleta ule wa kufanyia kazi, mnene kidogo. Ukafika katikati ya mkono ukasimama.

Akasukuma kidogo, haukwenda. Akavuta kidogo, haukurudi. Mshipa ulikuwa umeubana, kama nilivyowaambia, mshipa wa mkono una hasira. Baba mkwe alikuwa ameuma meno, na kwenye skrini ya mapigo naona moyo unaanza kukimbia. Moyo wenye uzi mmoja wa damu haupaswi kukimbia.

"Hakuna kuvuta," Daktari akasema, na hilo nalo mliandike. Ukiuvuta mrija uliobanwa unaweza kuuchana mshipa wote. Akaongeza dawa ya kulegeza, akaagiza ya maumivu, Hamisi akaleta kitambaa cha joto. Halafu akanitazama mimi. "Mkono wake unasikia hofu yake. Ongea naye."

Niongee naye nini? Mtu ambaye sijawahi kumwuliza hata mvua imenyesha kiasi gani. Nikainama karibu na sikio lake, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia, nikasema kwa Kisukuma neno la kwanza lililonijia.

"Baba, ng'ombe wa plau mwaka huu ni akina nani?"

Akageuzia macho darini. Nikadhani nimemkosea. Halafu akasema, meno bado yameumana, "Shilingi na Polisi."

"Polisi bado yupo?"

"Yupo. Mvivu. Akifika mwisho wa mtaro analala."

"Kwa nini humuuzi mnadani?"

"Mama yenu amekataa. Anasema Polisi ana macho ya upole." Akavuta pumzi. "Macho yanalima?"

Nikacheka, sikujizuia. Na yeye akaendelea, sasa ameachia meno, anamsema Polisi mpaka kwato zake, anamsema fundi aliyechonga nira mbovu, anausema ule mtaro ulioingia kwenye pamba ya jirani. Nikamwuliza hiki, nikamwuliza kile, naye ananijibu mimi, mkamwana, kama anaongea na kijana wake wa kiume. Mapigo kwenye skrini yakaanza kushuka. Daktari hakuelewa neno hata moja. Alikuwa ameuacha mkono wake umetulia juu ya mrija, anausikiliza tu. Baba mkwe alipofika mahali pa jirani kuja kudai fidia ya pamba, Daktari akasema taratibu, "Unapita."

Ukapita. Ukapanda begani, ukashuka kwenye moyo. Stenti ikawekwa, na ule uzi ukajaa damu pale kwenye skrini, mweusi, mnene, mpaka vitawi vya mwisho. Nimeona mamia ya mishipa ikifunguka. Ule ndio niliotaka kuupigia vigelegele, na nusura nivipige. Nilimwambia, "Baba, imeisha." Akasema, "Wabeja," yaani ahsante, halafu akauliza kama Daktari naye anafuga.

Hata uji hakusubiri. Tukamfunga mkanda, akarudishwa wodini, na muda si mrefu akamwambia Hamisi anataka choo. Hamisi akaleta chombo. Mzee akamtazama, akashusha miguu, akauliza choo kiko upande gani. Akatembea mwenyewe, Hamisi nyuma yake amekunja mikono tayari kumdaka, na mimi nikapiga goti koridoni kwa mbali kama inavyopasa. Akapita, hakunitazama. Nilifurahi mpaka nikasahau kuinuka.

Mwaka ule ule tulikwenda Nkololo likizo. Jioni niko jikoni nasonga ugali na mama mkwe, na wazee wamekaa nje kwenye viti vyao vya miguu mitatu, nasikia baba mkwe anawasimulia. Kila mtu alioneshwa mkono wa kushoto. Walitafuta kovu, hawakulipata, ikabidi awaoneshe kwa kidole. Kati yao alikuwamo rafiki yake wa ujana, mzee wa kutoka Lagangabilili, ambaye tulijua wote kwamba kifua kinambana na kwamba amekataa hospitali kwa sababu huko watu wanavuliwa nguo na watoto.

"Na suruali ilibaki?" yule mzee akauliza.

"Ilibaki."

"Humo ndani ulikuwa na nani wa kwenu?"

"Mkamwana wangu. Alisimama upande wa kichwa, tukaongea habari za ng'ombe."

Nami nikaacha mwiko ndani ya chungu, mama mkwe naye akaacha kuchochea moto. Tulisikia kiti kikisogezwa.

"Mimi ningekwenda, ngosha, mwanaume mwenzangu," akasema. "Lakini sina mkamwana huko. Nani atasimama kichwani pangu?"

Baba mkwe hakufikiri hata kidogo.

"Nitakuazima wangu," akasema.